Udongo Niliouweka Kifuani

Siku ya kwanza niliyokutana na ule udongo, shofere wa patroni, bwana niliyemwoshea gari, alinipa sashe tupu, ile nyeusi ya kubebea chumvi, akaniambia niivae mkononi.

"Pitisha mukono juu ya kapo, mama. Pole pole. Unasikia nini?"

Nilikuwa nimetoka kuliosha lile jeep kwa sabuni na maji ya kijito, nimelisuuza mara mbili, nimelikausha. Kapo, lile bati la mbele linalofunika injini, lilikuwa jeupe, ungeweza kujitazama humo na kusuka nywele. Nikapitisha mkono. Chini ya ile plastiki vidole vyangu vilisikia vitu vidogo vidogo, vikali, vimejaa kila mahali.

"Ni ulimi ya ng'ombe," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Njo vile! Ile ni volkano, mama. Imeingia ndani ya rangi. Sabuni haitoaki ile kitu."

Sisi wa Kirolirwe, upepo ukigeuka, moshi wa volkano unakuja kwetu. Majivu yanaanguka juu ya maharagwe, juu ya nguo zilizoanikwa, ndani ya bidoni za maji ya mvua. Mtu anapangusa, anaendelea na maisha yake. Lakini kwenye gari yanaingia na kung'ang'ania, na patroni alikuwa na gari moja tu, alilipenda kuliko ng'ombe wake.

Mimi si wa hapa. Nimezaliwa Kalembe, mpakani kabisa na Walikale, msitu ukianza nyuma ya nyumba yetu. Nilikimbia na mimba ya miezi saba, diploma yangu ya sekondari nimeifunga ndani ya plastiki pamoja na nguo za mtoto. Mume wangu alikuwa ameingia msituni kuchimba madini, na hadi leo sijapata habari yake. Nikafika huku juu kwenye malisho, kwa watu wa maziwa. Hakuna aliyeniuliza diploma. Waliniuliza kama nina mikono. Nikawa naosha magari na pikipiki pale kijitoni, chini ya shamba la patroni.

Ule udongo patroni aliuleta kutoka Goma. Ni kipande kama sabuni ya kuogea, lakini laini, unakibonyeza kinabaki na alama ya kidole. Rangi yake ya manjano iliyofifia, sawasawa na fromaji, ile jibini wanayotengeneza hapa. Shofere alinifundisha kazi yake. Unamwaga maji yenye sabuni juu ya bati, unapitisha udongo bila kukandamiza, kwenda na kurudi. Mwanzo unasikia unakwaruza. Baadaye ghafla hausikii kitu, mkono unateleza wenyewe, njo unajua majivu yametoka. Ukiugeuza unakuta uso wake umekuwa mweusi. Unaukunja, uchafu unaingia ndani, unaendelea na uso mpya. Na ukianguka chini, basi, umekufa. Chembe moja ya mchanga ikishika humo, utamchorea patroni mistari kwenye gari lake mpaka mwisho wa dunia.

Jambo moja shofere hakulijua, kwa sababu yeye ni mtu wa Goma, kule kuna joto. Kwetu asubuhi baridi inauma mpaka kwenye kucha, na udongo ule ukipata baridi unakuwa jiwe. Inabidi uupashe. Yeye aliniambia niutie kwenye maji ya moto. Maji ya moto! Kuni za kupika uji sina, nipashie udongo wa gari maji? Nikafanya ninavyojua. Niliukata vipande viwili. Kimoja nilifanyia kazi, kingine niliweka kifuani, ndani ya sutiani, hapo joto ni la bure. Kile cha mkononi kikianza kuwa kigumu, nabadilisha.

Nilijiona mwenye akili.

Sitaki kusema uongo hapa, kwa hiyo niseme pia kuhusu chakula. Patroni alikuwa na sheria yake: kazi ikiisha, njo unapata. Jeep likimalizika, alinipa chupa ya maziwa na ukingo wa fromaji, ule ulio mgumu ambao hauuziki Goma. Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka miwili. Akiona ule ukingo wa manjano unatoka kwenye jeep, alikuwa anafungua kinywa kama kifaranga. Mimi mwenyewe nilimzoeza. "Aaa," namwambia. "Aaa," anajibu. Na ziwa nilikuwa nimemwachisha wiki tatu tu nyuma, kwa sababu halikuwa linatoa kitu tena. Lakini hakuwa amesahau. Mkono wake bado ulikuwa unaingia kifuani mwangu bila kupiga hodi.

Siku ninayoisimulia patroni alikuja mapema, na buti zake za raba na kofia yake ya ibada.

"Mama, kesho nashuka Shasha. Naenda kumuombea kijana wangu bibi ya kuoa. Nataka hii gari iwe kama yayi. Wale bantu wa ziwa banapenda kushika-shika vitu. Watatia mukono juu."

"Itakuwa kama yayi, Papa."

"Pande zote mbili."

"Pande zote, Papa."

Unga ulikuwa umeisha nyumbani. Jana yake tulikuwa tumegawana kiazi. Nilijiambia: niharakishe, upande wa kulia, kapo, upande wa kushoto, saa sita nitakuwa na maziwa. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, nikaanza. Upande wa kulia ulienda vizuri. Kapo likaenda. Nilipofika mlango wa kushoto alianza kulia, kile kilio cha njaa ambacho hakina machozi tena. Nikamgeuza, nikamleta mbele, nikamfunga kifuani ili asikie joto langu. Nikapiga magoti kusugua sehemu ya chini ya mlango. Akanyamaza.

Nilifurahi kwamba amenyamaza! Kila mara nikikumbuka hilo nataka kujipiga. Nilisugua labda mara kumi, mara kumi na tano, naimba kidogo, ndipo nikasikia mwili wake unaruka.

Nikamtazama. Macho yametoka. Kinywani mna kitu cha manjano.

Nilipiga kelele ambayo hata ng'ombe waliinua vichwa. Nikaingiza kidole, nikavuta kipande, kikakatika, nikamlaza kwenye paja kichwa chini nikampiga mgongoni kwa kiganja, mara moja, mara mbili, ya tatu akavuta pumzi. Alivuta pumzi, ndiyo, lakini hakulia. Mate yakaanza kutiririka kama bomba. Nikaangalia kilichobaki mkononi. Kile kipande cha kifuani kilikuwa kimebaki nusu, na nilichotoa kinywani kilikuwa kama punje mbili za mahindi. Kingine kilikuwa ndani yake.

Shofere alikuja mbio kutoka nyuma ya gari.  Alisukuma ndoo kando ya miguu yangu, akasema: "Nenda, mama. Nenda!"

Nikakimbia kwa munganga wa kituo cha afya, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

Ni kijana, ana sauti ndogo, anaandika kila kitu. Niliweka mezani mabaki ya udongo, na huko yakabaki. Aliyanusa, akayabonyeza.

"Hii ni kitu gani?"

"Ya kusugulia gari. Amemeza."

"Alifikiri ni nini?"

"Fromaji. Ao ziwa. Sijue. Ilikuwa na joto yangu."

Alimpa mtoto kijiko cha maji. Maji yakarudi yote pamoja na mate. Akajaribu tena, yakarudi. Akaweka sikio mgongoni, akasikiliza muda mrefu.

"Mapafu iko sawa. Imekwama katika njia ya chakula. Na mbele ya hii, asubuhi, alikula nini?"

Nikampangusa mtoto mate.

"Mama, ninakuuliza."

"Hakukula."

"Na jana mangaribi?"

"Kiazi. Kipande."

Akaandika. Niliiona kalamu inaandika, niliisikia inavyokwaruza karatasi, na hasira iliyonipanda sikujua niielekeze wapi. Kwa kalamu? Kwa volkano? Nilitamani aseme kwamba mimi ni mama mbaya, nimpige kofi, tumalize. Hakusema. Alisema hivi tu: "Hapa siko na kitu ya kuitolea. Inafaa afike hospitali ya Sake. Leo, mama, hapana kesho. Usimulaze. Usimupe kitu kwa kinywa."

Pikipiki siku hiyo hazikuwepo. Wenye bunduki walikuwa wamezichukua asubuhi kubebea vitu vyao, kama wanavyofanya wakitaka, na vijana wenye pikipiki walikuwa wamekaa kando ya barabara mikono mitupu. Gari lililokuwepo ni moja. Nilijua liko wapi, kwa sababu sabuni yangu ilikuwa bado inakauka juu yake.

Nilipofika kijitoni patroni alikuwa ameshuka kuangalia kazi. Amevaa sashe mkononi, anapapasa mlango wa kushoto, uso umekunjamana.

"Huku bado ni ulimi ya ng'ombe. Na udongo yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya tumbo ya mutoto wangu."

"Yote?"

Ndivyo alivyosema. Yote. Mtoto mate yanamwagika mpaka kwenye miguu yangu, yeye anauliza yote.

"Papa, munganga amesema afike Sake leo. Tupeleke. Sake iko katika njia yako ya Shasha."

"Nitashuka kesho, mama. Asubuhi sana. Nitawabeba."

"Kesho atakuwa amekufa."

"Usiseme vile."

"Ninasema vile! Atakuwa amekufa, na gari yako itakuwa kama yayi."

Watu wake wanaokamua ng'ombe walianza kusogea, ndoo mkononi. Patroni akawaona, akashusha sauti. "Mama, elewa kidogo. Viti ni mupya. Mutoto anatapika. Gari imebaki upande moja. Nikishuka leo, kesho nitarudia matope yote hii?" Akamgeukia shofere. "Ingiza gari ndani ya lupango. Funga."

Shofere akajipapasa mfuko wa suruali. Akajipapasa mwingine. Akajipapasa wa shati, taratibu, kama mtu anayetafuta kiroboto.

"Patroni, siko na ufunguo."

"Iko na nani?"

Shofere akatazama mawingu.

Ufunguo nilikuwa nao mimi. Muosha gari anapewa ufunguo afungue milango, asafishe ndani. Nilipokimbia kwa munganga niliuchomeka pale pale kifuani, mahali pa udongo, na nilikuwa nimekumbuka hilo njiani wakati wa kurudi. Nilikuwa nimelifikiria njia nzima.

"Iko na mimi," nikasema.

"Lete."

"Iko hapa." Nikajigusa kifua. "Papa akiutaka, auchukue."

 Halafu mmoja wa wakamuaji, mzee mwenye meno mawili, akasema kwa sauti: "Patroni, ingiza mukono basi! Si ni ufunguo yako?"

Wakacheka wote. Mwingine akaongeza: "Avae kwanza sashe, asikie kama ni laini!"

Mimi sikucheka. Nilimtazama usoni tu. Yeye ni mzee wa kanisa, anapitisha sinia la sadaka kila Jumapili. Kuingiza mkono kifuani mwa mke wa mtu, mchana, mbele ya watu wake, siku moja kabla ya kwenda kuomba mkwe? Habari ingefika Shasha kabla yake. Aliangalia mkono wake wenye ile sashe nyeusi, akaivua, akaitia mfukoni. Alikuwa mwekundu wa macho.

"Wapeleke," akamwambia shofere. "Na urudi leo."

Hakuniambia mimi. Haidhuru.

Njia ya kwenda Sake wanaoijua wanaijua. Nilimshika mtoto amesimama kwenye mapaja yangu, kikwembe kimoja kikaloa mate, nikatumia cha pili. Alikuwa hana nguvu ya kulia. Alikuwa ananitazama tu, kwa subira, kama mtu anayengoja umalize kazi yako. Dirisha la kushoto lilikuwa wazi, nikautoa mkono nje, nikaushika mlango. Mkavu, mkwaruzo uleule. Nikaukwaruza kwa kucha njia nzima. Shofere aliniona, akakaza macho barabarani.

Kwenye baria, pale kamba imefunga njia, mmoja mwenye bunduki alikuja upande wa shofere, ambao katika jeep hilo ni wa kulia. Akapitisha kiganja juu ya mlango, akarudia.

"Hii gari ni mupya?"

"Ya zamani, kaka. Ilisuguliwa leo. Niko na mugonjwa."

Akachungulia ndani, akamwona mtoto na mate yake. Akapitisha kiganja tena kwenye mlango. "Inateleza kama samaki," akasema, akashusha kamba tukapita. Katika dunia yote, ni yeye tu aliyetia mkono juu ya kazi yangu na kuisikia.

Karibu na Sake, pale mawe ya lava yanapotokeza barabarani, tairi liliingia shimoni na sote tukaruka mpaka vichwa vikagonga juu. Mtoto akatoa sauti kama ya mtu anayemeza jiwe. Macho yakamgeuka. Nikasema, basi, imekwisha. Halafu akafungua kinywa akalia. Kilio kikubwa, chenye machozi, kikajaa gari lote. Shofere akapiga usukani kwa mikono miwili, analia naye.

Hospitalini daktari, mama mmoja mnene mwenye haraka, alimpa maji kwa kijiko. Yakashuka. Akampa tena, yakashuka. Akanitazama.

"Imeingia tumboni. Sasa inafaa itoke kwa chini. Tumbo ikivimba, tutamupasua. Isipovimba, unangoja. Unaangalia kila mavi, mama. Kila mavi."

Nilingoja siku tatu. Nilikuwa na kopo na kijiti. Sikuomba vizuri, niligombana na Mungu. Nilimwambia: Wewe ulileta volkano, ukaleta baridi, ukakausha ziwa langu, halafu ukampa mtoto mkono unaojua njia. Kila saa nilimgusa tumbo kwa kiganja, kisha nikachukua sashe ya mkate ya mgonjwa wa jirani, nikaivaa, nikamgusa kupitia plastiki, kwa sababu nilishajua kwamba hivyo mtu anasikia hata kisichoonekana. Wamama wa chumba kile walifikiri nimeharibika kichwa. Hospitalini walimpa uji, akala, akalala, akaamka anataka tena. Sikuwahi kumwona akila mpaka anaacha mwenyewe. Siku ya pili aliacha, akasukuma kijiko. Nilikaa na kile kijiko mkononi muda mrefu.

Siku ya tatu mchana kilitoka. Cha manjano, kimekuwa duara, hakikuyeyuka hata kidogo.

Nilipiga kelele, mama wa kitanda cha jirani akashika kichwa. "Pole, mama. Pole sana, mama yangu. Bwana alitoa..."

"Hapana! Amekunya!"

Chumba kizima wakapiga vigelegele.

Kile kipande nilikiosha kwa sabuni, nikakifunga kwenye sashe, kesho yake alfajiri nikarudi nacho Kirolirwe juu ya lori la viazi. Nikaenda moja kwa moja kijitoni. Jeep lilikuwepo, limejaa vumbi. Patroni alikuwepo. Alinisalimia, akauliza mtoto, na akauliza vizuri, siwezi kumsingizia. Kule Shasha walimkubalia kijana wake. Nilimuuliza kama walitia mkono juu ya gari.

"Hapana," akasema. "Hawakuangalia hata."

Nikaweka ile sashe juu ya kapo. "Papa, udongo yako. Hii njo yote."

Aliifungua, akaangalia, akaelewa. Akarudi hatua moja nyuma. Wakamuaji walikuwa mbali siku hiyo, hakuna aliyecheka. Kipande kingine, kile nilichokuwa nacho mkononi siku ile, shofere alikuwa amekitunza kwenye kasha la gari. Patroni akakitoa, akakiweka kando ya kile cha mtoto, halafu akakisogeza mbali nacho.

"Mulango ya kushoto ilibaki," akasema, bila kunitazama. "Ukimaliza, nitakupa maziwa."

Nilikuwa na njaa. Sikuwa na kazi nyingine, na yeye alijua. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamkalisha juu ya kapo, katikati ya vumbi, mahali nilipopafanya laini kwa mikono yangu.

"Hapana, Papa. Mutoto anakula kwanza. Njo naanza."

"Sheria yangu unaijua, mama."

"Naijua."

Nikakunja mikono. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelala juu ya malisho, pumzi ya mtoto ilikuwa inatoka kinywani kama moshi. Patroni alisimama. Mimi nilisimama. Udongo ulikuwa pale juu ya bati, unapata baridi, unakuwa jiwe, sote watatu tunauona. Alinyoosha kidole akaubonyeza, haukubonyea.

"Utaupasha, basi?" akauliza.

"Kwa joto gani, Papa?"

 Mwishowe akageuka, akapanda kilima kuelekea kwenye zizi, na buti zake za raba zikisema kwap, kwap. Alirudi na kikombe, mvuke unatoka juu yake, na ukingo wa fromaji mfukoni.

Mtoto akafungua kinywa. "Aaa."

Nikaibonyeza kwanza ile fromaji kwa kidole. Nikainusa. Nikaiuma mwenyewe. Ndipo nikampa, na nikangoja mpaka akasukuma kikombe.